Kanuni za Vifaru vya Mezani Ni Hoja, Tuzihoji

Mada yetu leo ni mchezo ambao huenda wengi wenu hamjapata kuuona ukichezwa: mapigano ya vifaru vya vita juu ya meza. Wachezaji wawili au wanne huizunguka meza pana iliyopangwa vilima, vichaka, mashamba na nyumba ndogondogo. Juu yake vimewekwa vifaru vya plastiki au vya madini, vingine vifupi kuliko kidole gumba, kila kimoja kimepakwa rangi kwa subira ili kifanane na kifaru halisi kilichopigana Ufaransa, Urusi au katika jangwa la Libya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mchezaji hupima kwa futikamba umbali ambao kifaru chake kinaruhusiwa kwenda, hupima umbali wa adui, hurusha dadu, hutazama jedwali lililomo kitabuni, na hapo hujulikana kama kifaru cha mwenzake kimepona au kimeteketea. Huko Uingereza, Marekani, Ujerumani na New Zealand wako watu wazima, wenye kazi na familia, ambao wameupa mchezo huu miaka mingi ya maisha yao. Na wako wengine, wengi zaidi, ambao wakiwaona hutikisa vichwa na kusema kwamba hawa wamekataa kukua.

Mimi nasimama upande wa wachezaji, na sababu yangu ni nzito kuliko burudani. Nashikilia kwamba kitabu cha kanuni za mchezo huu ni kazi ya historia, na kwamba tunapaswa kukisoma na kukihoji kama tunavyohoji kitabu chochote cha historia. Mwandishi wa kanuni anapoandika kwamba kifaru fulani, kikikilenga kingine kwa umbali fulani, kitahitaji kupata tano au sita kwenye dadu, ametoa dai juu ya jambo lililotokea duniani, kwa watu waliokuwa na majina. Dai hilo ama ni kweli ama si kweli, na ushahidi upo wa kulipimia. Nikiupima ushahidi huo naona kwamba kanuni zilizo bora ni zile zinazompa nguvu aliyemwona mwenzake kwanza, na kwamba zile zinazompa ushindi mwenye chuma kinene zaidi zinatufundisha vita ambavyo havikupiganwa.

Jambo hili halikuanza na watoto. Mwaka 1812 Baroni Georg Leopold von Reisswitz, mtumishi wa serikali ya Prussia, alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu mchezo wa vita uliochezwa juu ya meza maalumu. Mwanawe, aliyekuwa luteni wa kikosi cha mizinga, aliuhamishia mchezo ule kwenye ramani na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824, na mkuu wa majeshi, Jenerali Karl von Müffling, akapendekeza utumike kuwafunza maofisa. Mambo mawili katika kanuni zile yanatuhusu hadi leo. Hasara za kila upande ziliamuliwa kwa dadu, lakini dadu lenyewe lilifuata majedwali yaliyojengwa juu ya namna bunduki na mizinga ilivyopiga kweli. Na kati ya wachezaji alikaa mwamuzi, ambaye aliweka kwenye ramani vile vikosi tu ambavyo upande wa pili ungeweza kuviona. Afisa aliyekuwa akijifunza alilazimika kuamua bila kujua kilichofichwa nyuma ya kilima. Yaani tangu siku za mwanzo mchezo huu ulikuwa shule ya kutojua.

Mtu wa pili wa kumtaja ni mwandishi Mwingereza H. G. Wells. Mwaka 1903 alichapisha hadithi kuhusu magari makubwa ya chuma yanayotambaa juu ya mahandaki na kuwashinda askari wa miguu, miaka 13 kabla vifaru halisi havijaingia vitani kwa mara ya kwanza, Septemba 1916, kwenye mapigano ya Somme huko Ufaransa. Mwaka 1913 mtu huyohuyo alitoa kitabu cha kanuni za kucheza vita kwa askari wa risasi, kiitwacho Little Wars. Basi aliyekifikiria kifaru mapema namna ile ndiye pia aliyeupeleka mchezo wa vita sebuleni kwa raia wa kawaida. Baada yake, mwaka 1962, Donald Featherstone, aliyekuwa askari wa vifaru wa Uingereza katika Vita ya Pili, alitoa kitabu War Games, ambacho kiliwapa maelfu ya wasomaji njia ya kuanza. Mwaka 1971 huko Marekani zikatoka kanuni zilizoitwa Tractics, za Mike Reese na Leon Tucker wakishirikiana na Gary Gygax, na hapo hesabu ya vifaru ikawa nzito kwelikweli: aina ya mzinga, aina ya kombora, umbali, pembe, na sehemu ya kifaru iliyopigwa.

Ni lazima tuingie ndani ya hesabu hiyo kidogo, kwa sababu humo ndimo ulimo uzuri wa kanuni hizi, na humo pia ndimo ulimo mtego wake. Kifaru cha Kisovieti T-34 kilikuwa na bamba la mbele lenye unene wa milimita 45 tu. Lakini bamba hilo lililazwa nyuzi 60 kutoka wima, na kombora linalokuja mlalo hulazimika kupenya chuma chenye urefu wa milimita 90, mara mbili ya unene wenyewe. Wajerumani walilisoma somo hilo, na kifaru chao cha Panther kikatengenezwa na bamba la mbele la milimita 80 lililolazwa nyuzi 55, ambalo kwa kombora la mlalo ni karibu milimita 140. Mzinga wa milimita 75 wa kifaru cha Kimarekani cha Sherman haukuweza kulitoboa bamba hilo kwa umbali wa kawaida wa mapigano. Lakini ubavu wa Panther ulikuwa na chuma cha milimita 40 hivi, na hapo Sherman iliweza kutoboa bila shida. Kifaru cha Kijerumani cha Tiger nacho kilikuwa na milimita 100 mbele, mzinga wa milimita 88 na uzito wa tani zipatazo 57. Hesabu hizi zimepimwa kwa vyombo, zimeandikwa, na mtu akizitia kwenye jedwali hakuna atakayembishia.

Mtego uko hapo hapo. Kinachopimika huingia kwenye kanuni kwa urahisi, na kisichopimika hubaki nje. Unene wa bamba unapimwa kwa rula. Je, tutapima kwa rula gani uchovu wa dereva ambaye hajalala usiku mbili, au ugeni wa mlenga shabaha aliyemaliza mafunzo mwezi uliopita, au ukungu wa alfajiri, au ramani ambayo kamanda hakupewa? Mwandishi wa kanuni mwenye bidii anaweza kujaza kurasa 30 za majedwali ya chuma na makombora, kila namba ikiwa ya kweli, na bado akatoa picha ya uongo, kwa kuwa mambo aliyoyaacha ndiyo yaliyoamua. Kwa hilo ninao mfano mmoja ambao nitakaa nao, kwa sababu unatosha.

Mfano huo ni Arracourt. Ni kijiji kilichoko Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, upande wa mashariki wa mji wa Nancy. Septemba 1944 Wajerumani waliamua kulivamia ubavuni jeshi la Jenerali Patton, na mbele yao katika eneo lile kilikuwapo kikosi cha divisheni ya nne ya vifaru ya Marekani kilichoongozwa na Kanali Bruce Clarke. Batalioni moja ya vifaru vyake ilikuwa chini ya Creighton Abrams, ambaye jina lake baadaye lilipewa kifaru kikuu cha Marekani. Wajerumani walileta brigedi mpya, ya 111 na ya 113, zenye Panther zilizotoka kiwandani. Ukifungua kitabu cha kanuni kinachoabudu chuma na kuzipanga pande hizi mbili mezani, Mmarekani ameshashindwa kabla dadu halijarushwa. Sherman zake haziwezi kuitoboa Panther mbele, na Panther inaweza kuitoboa Sherman kutoka mbali.

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba kulikuwa na ukungu mzito. Ule uwezo wa Panther wa kupiga kutoka mbali ukawa hauna kazi, maana hakuna aliyeona mbali. Wajerumani waliingia bila upelelezi wa kutosha, na wengi wa wahudumu wa vifaru vyao walikuwa na mafunzo machache. Wamarekani walikuwa wamepigana kuvuka Ufaransa nzima kiangazi kile, na waliijua ardhi waliyokuwa wakiilinda. Vifaru vyao vilizunguka nyuma ya vilima, vikatokea ubavuni mwa safu za Panther na kuzipiga pale kwenye chuma chembamba. Tena liko jambo dogo la kiufundi ambalo majedwali mengi hulisahau: mlenga shabaha wa Sherman alikuwa na darubini ya kutazamia eneo pana, na ya kulengea kando yake, ilhali mwenzake wa Panther alikuwa na ile nyembamba ya kulengea peke yake, hivyo alichelewa kuipata shabaha hata baada ya kamanda wake kumwonyesha. Mapigano yaliendelea hadi mwisho wa mwezi. Kwa hesabu ya mwanahistoria Steven Zaloga, kati ya vifaru na mizinga ya kujiendesha 262 ambavyo Wajerumani walivitumia hapo, 86 viliteketezwa, 114 viliharibika, na ni 62 tu vilivyobaki vikiweza kupigana. Mizinga ya kawaida na ndege za Marekani zilichangia pale hali ya hewa ilipofunguka, nami sitaki kulificha hilo. Lakini katika saa zile za ukungu ndege hazikuwapo, na hapo ndipo Panther zilipopata kipigo chao kikubwa.

Mtu anaweza kusema kwamba Arracourt ni ajali ya ukungu. Jibu langu ni kwamba jeshi la Marekani lenyewe lilichunguza. Mwaka 1954 maabara yake ya utafiti wa silaha ilitoa ripoti iliyochambua mapambano mengi ya vifaru ya divisheni ya tatu na ya nne katika Ulaya Magharibi, na jambo lililojitokeza kwa nguvu ni faida ya aliyetangulia kuona na kufyatua. Ukungu wa Arracourt uliwanyang'anya Wajerumani faida yao ya mbali, na kilichobaki ni kile kilichoamua katika mapambano mengine pia: nani amesimama, amejificha na kutazama, na nani anatembea uwandani akitafuta.

Sasa turudi mezani tuone kanuni zipi zimelielewa jambo hili. Zipo zinazoitwa What a Tanker!, zilizotoka Uingereza mwaka 2018. Humo kila kifaru huwa na dadu sita za amri. Mchezaji huzirusha zote pamoja, na kila namba ina kazi yake: moja ni kuendesha, mbili ni kumwona adui, tatu ni kulenga, nne ni kufyatua, tano ni kupakia kombora, na sita hutumika mchezaji apendavyo. Usipomwona adui huwezi kumlenga, na usipolenga huwezi kufyatua. Kifaru kikipigwa bila kutobolewa, wahudumu wake wanaweza kupoteza dadu kwa mshtuko, na mwenye Tiger anaweza kujikuta ameketi ndani ya tani 57 za chuma bila uwezo wa kufanya lolote. Kanuni hizo hazijasahau unene wa bamba, ila zimeuweka mahali pake, mwisho wa mlolongo mrefu wa mambo ambayo binadamu watano waliobanana ndani ya sanduku la chuma ilibidi wayafanye kwa mpangilio.

Nyingine ni Flames of War, iliyotoka New Zealand mwaka 2002. Ndani yake kuna uamuzi ambao kwa mara ya kwanza huonekana wa ajabu: ugumu wa kupiga shabaha unategemea ustadi wa anayepigwa kuliko ustadi wa anayepiga. Askari mgeni ni rahisi kumpiga, askari mzoefu ni vigumu. Mwandishi anadai kwamba uzoefu wa vita ni ustadi wa kujificha, kujua bonde lipi lipitwe na ukingo upi usivukwe. Ni dai zito, na kwa kuwa limeandikwa waziwazi tunaweza kulibishia. Nadhani lina ukweli mwingi, ingawa linamwonea mlenga shabaha hodari, kwa maana ustadi wa jicho lake haupati malipo yoyote. Lililo muhimu kwangu ni kwamba ubishi huo ni wa kihistoria, na vijana wawili wanaobishana hivyo kando ya meza wanafanya kazi ya wanahistoria.

Nasikia pingamizi la dadu. Mtu aliyezoea bao letu ataniuliza: mchezo gani wa akili huo unaoachiwa bahati? Kwenye bao kete zote ziko mashimoni, wote wawili wanaziona, na anayeshindwa ameshindwa na akili ya mwenzake. Kweli kabisa, na kwa sababu hiyohiyo bao halitufundishi vita. Vita ni mahali ambapo kete nyingi zimefichwa. Dadu linasimama badala ya yale ambayo kamanda hakuyajua na hakuweza kuyajua: kombora lililogonga kona ya bamba likaruka, injini iliyozimika, mlenga shabaha aliyepepesa macho. Wala dadu halifuti akili. Tuseme kifaru dhaifu kina nafasi moja katika mbili ya kuipiga shabaha, na kikiipiga kina nafasi moja katika tatu ya kupenya. Kwa jumla ni nafasi moja katika sita, na mtu akitegemea kombora moja anabahatisha. Lakini makombora manne yakifyatuliwa, nafasi ya kwamba angalau moja litapenya inavuka nusu kidogo, asilimia 52 hivi. Kamanda aliyevileta vifaru vyake vinne pamoja mahali pamoja amegeuza bahati mbaya kuwa nzuri kwa kazi ya kichwa chake. Akivizungusha hadi ubavuni, ambako chuma ni chembamba, amezidi kuigeuza. Hiyo ndiyo hesabu ambayo maofisa wa vifaru waliifanya kwa damu.

Na hatari huja pale mtu mwenye cheo anapolikataa dadu. Mitsuo Fuchida, rubani na afisa wa jeshi la majini la Japani, alisimulia baada ya vita kwamba katika maandalizi ya shambulio la Midway, Mei 1942, maofisa walicheza shambulio lote mezani. Dadu liliamua kwamba ndege za Marekani zimezipiga meli za kubeba ndege za Japani mara tisa na kuzizamisha Akagi na Kaga. Admirali Matome Ugaki aliyesimamia mchezo akaamuru mapigo yahesabiwe matatu tu, na baadaye hata Kaga iliyozama ikarudishwa mchezoni. Tarehe 4 Juni mwaka ule Akagi na Kaga zote mbili zilipigwa kweli, na zote mbili zikapotea. Mchezo wenyewe ulikuwa umewaonya.

Wengine wanasema yote haya yanafanywa vizuri zaidi na kompyuta, ambayo hesabu zake ni za haraka na picha zake zinatembea. Sikatai kwamba kompyuta inahesabu vizuri. Tatizo ni kwamba inahesabu gizani. Kijana anayecheza vita vya vifaru kwenye skrini huona kifaru chake kikilipuka na hajui kwa nini, wala hana mahali pa kufungua aone namba iliyomwua na kuuliza ilitoka wapi. Mezani hesabu inafanywa na mchezaji mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mpinzani wake. Kanuni imeandikwa kwa lugha ya kawaida. Akiiona ni ya uongo anaweza kuipinga, kuleta kitabu, kuibadilisha na kuijaribu tena wiki ijayo.

Tukizihoji kanuni hizi kwa haki ni lazima tuseme pia zinapokosea, na zipo sehemu mbili ambazo zinakosea karibu zote. Ya kwanza ni umbali. Kifaru kilichopunguzwa mara 100 kinahitaji meza yenye urefu wa meta 10 ili kuonyesha kilometa moja, na meza ya kawaida ya futi sita haionyeshi hata meta 200. Basi waandishi huubana umbali, na matokeo yake ni vifaru vilivyosongamana kama magari ya kituoni, jambo ambalo kamanda yeyote wa kweli angelikemea. Wanaotumia vifaru vidogo zaidi, vilivyopunguzwa mara 285, wako karibu zaidi na ukweli, nami nawashauri wanaoanza waanzie huko ingawa vifaru hivyo havivutii macho sana. Ya pili ni usawa. Ili mchezo uwe wa haki, kila kifaru hupewa bei ya pointi na kila upande huja na jumla iliyo sawa. Vitani hakuna kamanda aliyetafuta usawa; kila mmoja alitafuta kuwa watatu kwa mmoja. Matokeo ya pointi ni kwamba Tiger, ambazo zilitengenezwa 1,350 hivi tu, zinaonekana kwenye kila meza, wakati Sherman zilizofikia karibu 49,000 zinaonekana haba. Mchezaji kijana anaondoka akiamini kwamba jeshi la Ujerumani lilikuwa jeshi la Tiger, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya jeshi lile ilikuwa ikivutwa na farasi.

Kosa hilo linatufikisha kwenye pingamizi zito kuliko yote, la wale wanaosema kwamba huku ni kucheza na vifo vya watu. Pingamizi hili halijibiwi kwa kusema ni mchezo tu. Vita vya upande wa mashariki, ambako vifaru vingi zaidi vilipambana, viliua watu wa Umoja wa Kisovieti wapatao milioni 27, wengi wao raia, na kwenye meza ya vifaru hakuna raia hata mmoja. Vijiji vimewekwa kama maficho. Na wako wachezaji wanaovutiwa na rangi nyeusi na majina ya makamanda wa vifaru wa SS, jeshi la chama cha Nazi, kama Michael Wittmann, bila kusema neno juu ya utawala aliokuwa akiutumikia. Kitabu cha kanuni kinachomsifu mtu huyo kwa idadi ya vifaru alivyovipiga na kunyamaza juu ya hilo kimesema nusu, na nusu ya namna hiyo ni upotoshaji. Meza ya vifaru huwapenda pia wenye vifaru tu. Askari wetu kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, waliovuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katikati ya matope na malaria, walishinda vita ambavyo majedwali ya chuma hayana safu ya kuviandikia.

Lakini ukimya huo ni hoja ya kuandika kanuni bora, na kuandika utangulizi wa kweli kwenye kila kitabu. Wells mwenyewe aliandika akiwa na tumaini kwamba mtu akiona jinsi vita vidogo vya sebuleni vinavyoenda mrama ataogopa kuvifanya vikubwa. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani, kwa hiyo tumaini lile halikutimia. Hata hivyo mtu aliyepoteza vifaru vyake vyote mara kumi mfululizo kwa sababu hakutuma upelelezi ana heshima fulani kwa walioingia ukungu wa Arracourt, wa pande zote mbili, ambayo sinema haimpi.

Namalizia na yetu, kwa sababu vifaru vilipigana pia katika ardhi yetu, na wazee waliopigana humo tunao. Tarehe 10 Machi 1979, katika vita vya Kagera, brigedi ya 201 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania ilikuwa Lukaya, kwenye barabara itokayo Masaka kwenda Kampala, mahali ambapo barabara inapita katikati ya kinamasi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda na Walibya waliotumwa kumsaidia, wakiwa na vifaru vya T-55, waliishambulia na kuirudisha nyuma kwa vurugu. Asubuhi iliyofuata brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka mbali, iliwapiga Walibya ubavuni, na vita vikageuka. Haya ni yaleyale ya Septemba 1944: mwenye vifaru vizuri amefungwa na ardhi, haoni, na anayejua njia anatokea ubavuni. Kanuni za kuyacheza mapigano hayo kwa Kiswahili zinaweza kuandikwa na mwalimu wa historia na wanafunzi wake kwa karatasi, dadu na rula. Kinachohitajika ni ushahidi wa waliokuwapo, na askari aliyekuwa na miaka 20 pale Lukaya leo amevuka 60. Nakuomba basi, msikilizaji mwenye baba, mjomba au babu aliyepigana Mutukula, Masaka au Lukaya: keti naye wiki hii, mpe daftari akuchoree ramani, muulize asubuhi ile aliweza kuona hatua ngapi mbele yake, na uandike atakachokujibu.